Mitoo ya Nyuki

Siku Selpha aliporudishwa kutoka hospitali na kuambiwa akapumzike nyumbani, neno ambalo kila mtu aliyekuwa pale alilielewa, hakuomba chai wala hakuomba kitanda. Alimwambia mumewe amtolee kiti barazani. Akakaa, akavuta shuka hadi kifuani, akautazama uwanja wa mbele, kisha akasema:

"Baba Sheryl, huu ukoka wako umenyamaza kama kanisa siku ya Jumatatu."

Wanjala akacheka, maana hakujua afanye nini kingine.

"Nyasi huongea?"

"Nyasi haiongei. Lakini mahali penye maua huwa na kelele. Kwa nyanya yangu Shinyalu, nyuki walikuwa wanakaa ndani ya ukuta wa jikoni. Ukiweka sikio hivi, unasikia nyumba inapumua. Nataka kusikia nyuki."

"Wale wa kuuma?"

"Watauma nini, Wanjala? Si unaona nimebaki mifupa?"

Ule ukoka Wanjala aliupanda mwenyewe walipohamia Kitengela. Aliuleta kwa magunia kutoka Kiserian, akauchomeka shina kwa shina, akaunywesha maji ya chumvi ya kisima cha mtaa mpaka ukakubali kuishi. Kila Jumamosi aliufyeka ukawa sawa kama meza. Wapita njia walisimama getini kuuangalia. Yeye aliachia shule darasa la sita huko kwao Bungoma, akalala vibandani vya mjengo ujana wake wote, akapanda pole pole kutoka kubeba mawe hadi kuwa fundi mkuu wa kusimamia misingi ya nyumba. Vyeti hakuwa navyo. Alikuwa na ukoka.

Binti yao Sheryl, aliyefanya kazi Nairobi na kuja wikendi, alikuwa upande wa mama yake.

"Dadi, hii nyasi inakunywa maji tu. Hata ng'ombe haikuli. Panda vitu za huku, vitu zimezoea jua."

"Na wewe umekuwa mkulima lini? Juzi ulikuwa unalia ukishika nyungunyungu."

"Nilikuwa na miaka saba!"

Selpha alicheka mpaka akakohoa. Wanjala akaenda stoo, akachukua jembe uma.

Kuung'oa kulimuuma kuliko alivyodhani. Mizizi ilikuwa imeshikana kama mkeka, na chini yake ule udongo mweusi wa Kitengela, ambao mvua ikinyesha unakamata kiatu na jua likiwaka unapasuka mpaka panya anapita. Alichimba jioni akitoka mjengo, akachimba Jumapili baada ya kanisa. Nyasi zilizong'olewa zilichukuliwa na Kakenya, mjane wa ng'ambo ya barabara, kwa ajili ya ndama wake.

Kakenya alikuwa amebaki na kipande cha mwisho cha ardhi ya marehemu mumewe. Kingine chote kilishauzwa, kikawa mtaa, kikawa ukuta wa Wanjala na kuta za wenzake. Katika kipande hicho alikuwa na ng'ombe wachache na mizinga ya nyuki iliyotundikwa kwenye migunga. Mwanawe Lemayian alikuwa amepata msichana wa kuoa upande wa Isinya, na asali ya kupeleka kwa wazee wa msichana haikufaa kununuliwa dukani. Ilitakiwa itoke kwao. Kakenya aliisubiri asali hiyo kama mtu anavyosubiri mtoto azaliwe.

"Mama Sheryl, takwenya!" alimsalimia Selpha kwa Kimaa kutoka getini.

"Iko!" Selpha alijibu kwa lafudhi ya Shinyalu, na Kakenya akacheka kila mara kana kwamba ni mara ya kwanza.

Alipoambiwa habari ya maua, alileta mashina ya aloe na miche ya mrihani wa porini, ule unaonuka ukiugusa na mguu.

"Panda hii. Nyuki wangu wanaipenda. Siku hizi wanaenda mbali sana kutafuta chakula, wanarudi wamechoka. Kila mahali ni mawe na nyasi ya kukata." Akamgeukia Wanjala. "Nyasi yako, Baba Sheryl. Usikasirike."

"Sijakasirika. Nimezoea kutukanwa kwangu."

Dada yake Selpha alituma kutoka kwao Shinyalu mbegu za mitoo na za saga, mboga za kienyeji za huko. Wanjala alizishika kiganjani, akatikisa kichwa.

"Mluhya kupanda mitoo halafu asiile? Watu wakisikia watasema nimeugua mimi."

"Hakuna jani litachumwa," Selpha akasema. "Hata moja. Ikichumwa inachelewa kutoa maua, na mimi sina wakati wa kuchelewa. Hii ni mitoo ya nyuki."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayepanga chakula cha wageni. Wanjala akatazama pembeni.

Sasa, mtu aliyefanya kazi moja miaka mingi, mikono yake hufanya kazi hiyo hata akiwa kanisani. Wanjala alijua jambo moja kuhusu ardhi ya Kitengela kuliko mengine yote: ina mchwa. Alishaona mlango wa mti ulioliwa wote ukabaki rangi, unausukuma kwa kidole unapita. Alishaona paa likishuka juu ya watu. Katika mjengo hakuna fundi mwenye akili anayemwaga zege kabla ya kumwaga dawa ya mchwa. Unasawazisha udongo wa murram, unachanganya dawa, unalowesha kila pembe, ndipo unaendelea. Na udongo ule alioufunua, mweusi, umelegea, una vipande vya mizizi mikavu, alipouangalia aliona karamu ya mchwa. Aliona miche ya mkewe imelala chini asubuhi, imekatwa shingo.

Akaleta dawa kutoka kazini. Akachanganya kwa kipimo cha msingi wa nyumba, maana ndicho alichokijua, akalowesha bustani yote kutoka ukuta hadi baraza, taratibu, bila kuruka mahali. Selpha alikuwa amelala ndani. Wanjala hakumwambia, na si kwamba alificha. Mtu akifunga mlango wa nyumba yake usiku hatangazi.

Mvua za Aprili hazikutarajiwa kumkuta Selpha, lakini zilimkuta. Zilimkuta kwenye kiti chake barazani, mwembamba, macho makubwa, akihesabia watu miche iliyoota. Hakuna mche hata mmoja uliokatwa. Wanjala alijipongeza moyoni. Mitoo ilipanda ikafika kiunoni, saga ikatoa vishungi vyake vyeupe, mrihani ukajaa pembeni, na mwanzo wa Juni mitoo ikachanua yote kwa pamoja. Ule uwanja ukawa wa manjano mpaka mtu akipita barabarani anageuza shingo.

Na nyuki wakaja. Kwanza mmoja mmoja, kama watu waliotumwa kuchungulia. Kisha wengi. Walikuja pia wale weusi wakubwa wenye sauti ya pikipiki, wakawa wanaangukia ua la mitoo na kulipinda kwa uzito. Selpha alifumba macho, akainua mkono, maana yake mtu yeyote asiongee. Sheryl akasimama mlangoni na sahani mkononi. Wanjala akakaa chini kwenye ngazi.

"Unasikia?" Selpha akauliza.

"Nasikia."

"Huwezi kusikia, wewe masikio yameshaharibiwa na mashine ya zege. Lakini asante kusema unasikia."

Usiku huo alikula ugali kidogo. Ilikuwa siku nyingi hajala ugali.

Nyuki wa kwanza Wanjala alimkuta barazani asubuhi, amelala chali, anazunguka kwa mgongo kama kitu kilichokatika waya. Akamsukuma kwa kiatu. Kesho yake walikuwa wengi. Wengine walikuwa bado wanatembea, wanapanda ukuta na kuanguka, wanapanda tena na kuanguka. Alichukua ufagio, akawafagia kabla Selpha hajatoka, akawatupa shimoni nyuma ya nyumba. Alijiambia ni baridi. Juni Kitengela ina baridi.

Kakenya alikuja katikati ya wiki, na hakusimama getini kusalimia. Alisukuma geti akaingia.

"Baba Sheryl, nyuki wangu wanaisha."

"Wanaisha namna gani?"

"Wanatoka asubuhi hawarudi. Wanaorudi hawajui mlango wa nyumba yao. Wanatembea chini kama walevi. Mzinga mmoja nimeufungua, uko na asali na hauna watu." Alivuta pumzi. "Asali yenyewe sasa naiogopa. Nitapelekea wazee wa watu kitu gani? Wewe umepulizia nini huku?"

"Sijapulizia kitu."

Na ilikuwa kweli. Alikuwa hajapulizia.

"Basi ni wale wa maua ya kuuza, wenye nyumba za nailoni huko chini," Kakenya akasema. "Wanapulizia usiku na mchana. Mungu anawaona."

"Inawezekana ni wao," Wanjala akasema.

Alipoondoka, Wanjala alimsindikiza hadi barabarani, na hapo ndipo alipoona. Nje ya geti, kando ya mtaro, mbegu chache za mitoo zilikuwa zimemwagika siku ile ya kupanda, zikaota zenyewe. Nazo zilikuwa zimechanua. Nyuki walikuwa wanazitembelea, wanaingia ndani ya maua, wanatoka, wanaruka na kwenda zao wakiwa na unga miguuni. Chini ya maua yale hapakuwa na aliyekufa. Wanjala alichuchumaa akatafuta kwa vidole kwenye majani. Hapakuwa hata na mmoja.

Aligeuka akatazama ndani ya geti. Mitoo ileile, mbegu ileile, mvua ileile. Kilichokuwa tofauti ni kimoja tu. Udongo wa ndani aliulowesha, na wa nje hakuulowesha.

Alikaa pale amechuchumaa mpaka mtu wa boda boda akamuuliza kama ameangusha kitu. Alikuwa anaiona ile dawa. Ilikuwa imeingia kwenye udongo, mizizi ikainyonya pamoja na maji, ikapanda kwenye shina, ikafika kwenye ua, ikageuka kuwa kinywaji. Alikuwa amewaalika nyuki wa watu kwenye karamu na kuwapa sumu kwenye kikombe.

Kesho yake kundi la mbuzi lilipita likienda machinjioni likaimaliza ile mitoo ya mtaroni, na akabaki yeye peke yake kuwa ndiye aliyeona.

Hakusema. Nani angemlaumu? Selpha alikuwa hawezi tena kutembea hadi chooni bila kushikwa, lakini asubuhi aliomba kiti chake kabla hata ya kuomba maji. Uso wake ulikuwa umetulia namna ambayo dawa za hospitali hazikuweza kuutuliza. Wanjala alipiga hesabu chafu moyoni mwake: mzinga wa jirani upande mmoja, na kiti cha mkewe upande wa pili. Akaamka kabla ya jua, akafagia. Akaamka tena, akafagia. Ng'ambo ya barabara alimwona Kakenya amesimama chini ya mgunga ameshika kiuno, anatazama juu kwenye mzinga, na Wanjala akajifanya anakagua bawaba za geti.

"Unafagia nini kila siku alfajiri?" Selpha aliuliza siku moja, macho yake yakiwa kwenye maua.

"Vumbi."

"Vumbi. Wanjala, mimi nimelala nikikusikiliza ukifagia. Vumbi linasikika likifagiwa. Hicho unachofagia ni kikavu, kina sauti kama maganda ya simsim. Na wale nyuki leo ni wachache kuliko jana. Mimi kazi yangu imebaki kusikiliza. Usinidanganye kwa kitu nilichobakia nacho."

Akamwambia. Alianza vibaya, akaanza na mchwa, akaeleza mlango ulioliwa ukabaki rangi, akaeleza miche kukatwa shingo, akazunguka kama mtu anayetafuta pa kushika, na mwisho akasema tu, "Nilimwaga dawa ya msingi. Niliona nakulindia bustani."

Selpha hakupaza sauti. Hakuwa na sauti ya kupaza.

"Kakenya anajua?"

"Hapana. Anadhani ni wale wa maua ya kuuza."

"Na wewe ukakubali?"

Wanjala akatazama mikono yake.

"Ng'oa," Selpha akasema.

"Mama Sheryl, tungoje kidogo. Maua yenyewe yamebakisha muda mfupi. Tungoje mpaka..."

"Mpaka nini? Mpaka nife?"

Wanjala akamvutia shuka lililokuwa limeteleza.

"Sema. Ndio ulikuwa unasema. Unataka nikae hapa nafurahi, nyuki wa mwenzangu wanakufa miguuni pangu, kijana wake akose asali, ndio niende huko mbele nimefurahi? Wanjala wewe! Miaka yote mtu mpaka akugonge na nyundo ndio uelewe. Ng'oa leo. Na uanze kwa kwenda kwa Kakenya, kwa miguu yako."

Alivuka barabara. Kakenya alikuwa anakamua. Wanjala alisema yote akiwa amesimama, kofia mkononi, na safari hii alianza na lile la mwisho. Kakenya hakuacha kukamua. Maziwa yaliendelea kulia ndani ya kibuyu, na yalipoisha akainuka, akamsukuma ndama, akamgeukia Wanjala.

"Wewe mtu wa Bungoma," akasema, "unapanda maua kama unajenga ghorofa."

"Naomba unisamehe."

"Nilipokuuliza ulikuwa unajua?"

"Siku hiyo hapana. Nilijua ulipotoka tu."

"Na tangu hapo?"

"Nimejua."

"Nenda nyumbani, Baba Sheryl. Sina neno la kukuambia ambalo halitanirudia usiku."

Alirudi akaanza kung'oa. Mitoo ilitoka kwa urahisi, mizizi ilikuwa mizuri, mirefu, haina alama ya jino la mchwa hata moja. Kila shina alilolivuta lilimwaga maua mabegani mwake. Selpha alikuwa kwenye kiti. Alikuwa amekataa kuingia ndani. Wanjala alivuta mrihani, akavuta saga, akachimba aloe za Kakenya, akarundika kila kitu pembeni ya ukuta, rundo refu la manjano na kijani linalonukia. Kufikia saa za adhuhuri uwanja ulikuwa mtupu, mweusi, mbaya kuliko ulivyokuwa siku alipoununua.

Lakini nyuki walikuwa hawajaambiwa. Walikuja kama kawaida yao. Walifika mahali palipokuwa na maua wakakuta hewa, wakazunguka, wakashuka chini, wakapanda, wakazunguka tena. Halafu wakaligundua lile rundo. Maua yalikuwa bado mabichi, na nyuki wakaanza kutua. Wanjala akakimbia kuchukua turubai akalifunika rundo, akaweka mawe, na nyuki wakatambaa juu ya turubai kutafuta pa kuingilia. Akavua koti lake la kazi, akaanza kuwapunga. Walikuwa wakali sasa. Mmoja akamuuma shingoni, mwingine kwenye kope. Akaendelea kupunga.

Geti likafunguka. Kakenya aliingia na kopo lenye mavi ya ng'ombe yanayofuka moshi. Hakumsalimia Wanjala.

"Mama Sheryl, takwenya."

"Iko," Selpha akajibu, na safari hii hakuna aliyecheka.

Kakenya akapita pole pole kando ya rundo akitandaza moshi, akiongea na nyuki kwa Kimaa, chini chini, kama anavyoongea na ng'ombe anayekataa zizi. Walikuwa nyuki wake, waliobaki. Upande mmoja yeye na kopo, upande mwingine Wanjala na koti, jicho limevimba limefunga. Walifanya kazi hivyo bila kuangaliana.

Kelele ilikuwa kubwa. Nyuki waliokosa walichokijia walijaa uwanja mzima, juu ya udongo mtupu, na mlio wao ulikuwa mkubwa kuliko siku yoyote ya maua, ukaingia barazani, ukaingia ndani ya nyumba. Selpha alikuwa amelaza kichwa kwenye ukuta, sikio likiwa upande wa uwanja.

"Wanatafuta," akasema.

"Ndiyo," Wanjala akajibu, bila kusimama. "Wanatafuta."

"Usiache hata mmoja akatua."

"Siachi."

Akageuza koti kwenye mkono mwingine, akaendelea kuwafukuza.